"Sitaki" ni Neno Kamili

Watu wa nyumbani wana misemo miwili kwa sisi tulioko Ulaya. Ukifanya kazi ghalani, unabeba maboksi. Ukifanya kazi kwenye nyumba za wazee, unaosha vizee. Yote miwili husemwa kwa kicheko, na sisi wenyewe tunaisema hivyo hivyo kwenye harusi, kwenye misiba na kwenye magrupu ya WhatsApp, tuwahi kujicheka kabla hatujachekwa. Mimi nimebeba maboksi miaka minne hapa Leicester, katikati ya Uingereza. Mei 2025, nikiwa na miaka 41, niliyaacha nikaanza uanagenzi wa kuhudumia watu wazima wanaohitaji msaada. Yaani, kwa lugha ya shemeji zangu, nilihama kutoka kwenye maboksi nikaenda kwenye vizee.

Neno "mwanagenzi" lilimchekesha mume wangu. Kwetu Tanga mwanagenzi ni kijana anayekaa pembeni ya fundi cherehani, anafunga vifungo, anachochea mkaa wa pasi, anatumwa vocha. Siyo mama wa watoto watatu mwenye mvi chini ya mtandio. Siku ya kwanza ya mafunzo tulikuwa kumi na mmoja darasani, na saba kati yao wangeweza kuwa wanangu. Binti mmoja wa miaka 18 aliniuliza kwa adabu kabisa kama mimi ndiye mwalimu.

Na pesa? Nisikufiche. Sheria ya huku wakati ule ilimruhusu mwajiri kumlipa mwanagenzi wa mwaka wa kwanza pauni 7.55 kwa saa, kima kilichoanza Aprili 2025, wakati mfanyakazi mwingine wa miaka 21 na kuendelea hakuruhusiwa kulipwa chini ya pauni 12.21. Mwajiri wangu alinilipa juu kidogo ya hicho kima cha chini kabisa, lakini ghalani nilikuwa napata zaidi. Kwa malipo hayo napata mwaka mmoja hivi wa kufanya kazi huku nasoma, angalau saa sita za kila wiki zikiwa za masomo, na mwishoni cheti cha daraja la pili. Mume wangu alipiga hesabu kwenye kikokotoo cha simu, akaniangalia, akasema, "Mama nanihii, una uhakika?"

Nilikuwa nao. Mwaka mmoja kabla, mama yangu alipata kiharusi kule Tanga. Upande wa kulia ukalala. Kila nilipopiga simu nilikuwa nauliza, "Anaendeleaje?" na kila mara najibiwa, "Anaendelea vizuri, tumwombe Mungu." Sikujua nini cha kuuliza zaidi. Kuna vidonda vya kulala? Anageuzwa mara ngapi? Anameza bila kupaliwa? Sikujua kwamba hayo ni maswali. Nilitaka kujifunza kuuliza.

*

Cha kwanza tulichopewa ni kitabu cha mazoezi cha Cheti cha Huduma. Cheti hiki kilianza Aprili 2015, baada ya ripoti ya Camilla Cavendish ya mwaka 2013 kuonyesha kwamba maelfu ya wahudumu wasio wauguzi walikuwa wanaingia kazini kila mmoja na mafunzo yake, wengine karibu bila mafunzo. Kilianza na viwango 15. Cha tano ni kumweka mtu mwenyewe katikati ya huduma. Cha saba ni faragha na heshima. Cha nane ni chakula na maji. Cha kumi na nne ni utunzaji wa taarifa za watu, na kwa ajili yake nimebadilisha mambo kadhaa katika haya ninayokusimulia.

Nilipokuwa nakisoma usiku mezani, nilimkumbuka Mwana Kupona binti Msham. Wasomaji wa hapa mnamfahamu: bibi wa Siyu aliyetunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kama wosia kwa binti yake. Shuleni tulifundishwa kuusoma kama utenzi wa utii wa mke, na baadaye tukafundishwa kuukasirikia kwa sababu hiyo hiyo. Lakini usome tena ukiwa mwanagenzi wa kazi hii. Mle ndani mna maarifa ya mikono: mtu anayelala umwachie usingizi wake, asikose wa kumpepea, aguswe vipi. Huyo ni mtu aliyewahi kumhudumia mwenzake na anajua kwamba kuna namna ya kufanya.

Tofauti ni kwamba Mwana Kupona alikuwa anamfundisha binti mmoja namna ya kumhudumia mtu mmoja, tena wa kwake. Kitabu changu kinamfundisha yeyote namna ya kumhudumia yeyote. Na kwa sababu maarifa yetu yalikaa ndani ya ndoa na ukoo, tulizoea kuyaona si kazi. Ni tabia. Mwanamke aliyelelewa vizuri "anajua tu". Kinachojulikana tu hakina mshahara wala fundi wala mwanagenzi.

Basi nikapewa fundi. Ni mama wa Kizimbabwe, yuko kwenye kazi hii miaka kumi na tisa, mfupi, mwenye sauti ya chini. Wiki mbili za kwanza sikuruhusiwa kumshika mzee yeyote peke yangu. Nilimfuata tu na kutazama. Anagonga mlango hata kama uko wazi. Anasema jina lake, kila asubuhi, kwa mtu aliyemwona jana. Anaanza kuosha uso, kwa maji matupu, anamalizia sehemu za siri, na kitambaa cha huku hakiendi kule. Sehemu inayooshwa ndiyo iliyo wazi. Nyingine zote ziko chini ya taulo. Mwenye shida ya kumeza, maji yake yanatiwa unga wa kuyafanya mazito, kwa kipimo kilichoandikwa, siyo kwa macho. Asiyeweza kusimama ananyanyuliwa kwa mashine, wahudumu wawili, na kile kitambaa anachowekwa ndani yake, wallahi, ni mbeleko. Nilipokiona mara ya kwanza nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja: mzee wa watu, kilo tisini, yuko hewani ndani ya mbeleko.

Kilichonishangaza zaidi ni subira yake. Mzee mmoja alikuwa anavaa soksi. Dakika nne, soksi moja. Mikono yangu ilikuwa inawasha. Kwetu mkubwa hahangaiki na soksi yake mbele ya mdogo. Unainama, unamvalisha, umemheshimu. Fundi wangu alisimama tu na soksi ya pili mkononi, anaongea naye habari za mpira. Tulipotoka nje akaniambia, "Dada, ukimvalisha leo, mwezi ujao hataweza. Ile soksi ndiyo kazi aliyobakiwa nayo." Nimelifikiria sana hilo. Kuna heshima ya kumfanyia mtu, na kuna heshima ya kumngojea. Ya kwanza nilikuja nayo. Ya pili ndiyo nililipwa pauni chache kujifunza.

*

Sasa nije kwa Ba.

Ba, kwa Kigujarati, ni mama au bibi. Ndivyo alivyotaka kuitwa, na iliandikwa hivyo kwenye mpango wake wa huduma. Leicester ina Wahindi wengi waliotoka Afrika Mashariki. Wengine waliondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960. Wengine walifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakapewa siku 90. Halmashauri ya mji huu ilifikia kutangaza kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije huku, kwamba mji umejaa. Wakaja. Waliokuja na watoto mikononi leo wana miaka themanini na kitu, na baadhi yao wako kwenye nyumba kama ninayofanyia kazi.

Ba ana ugonjwa wa kusahau. Kiingereza chake kimeondoka karibu chote, na ndivyo inavyotokea kwa wengi: lugha uliyojifunza ukubwani hutangulia kuondoka. Kigujarati kipo. Wahudumu wawili wanaokijua wanapokuwa zamu, mambo ni mazuri. Wasipokuwepo, na hasa jua likizama, inakuwa vita. Haogeshwi. Anasukuma mikono. Kwenye daftari la kila siku walikuwa wanaandika: "Amekataa huduma. Amepiga kelele zisizoeleweka."

Wiki yangu ya tatu niliingia chumbani kwake nyuma ya fundi wangu, nimebeba taulo. Ba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Fundi wangu akagonga, akataja jina lake, akachovya kitambaa kwenye beseni. Ba akatoa zile kelele zisizoeleweka.

Alisema: "Baridi! Sitaki. Leta maji moto."

Nilisimama pale na taulo yangu. Ulikuwa ule Kiswahili cha jikoni, cha Wahindi na masetla, kisicho na ngeli wala adabu, lakini kila neno lilikuwa wazi kama redio. Nikamwambia fundi wangu, "Anasema maji ni ya baridi. Hataki. Anaomba ya moto." Fundi wangu alinitazama, akatia kiwiko kwenye beseni. Yalikuwa ya vuguvugu, salama kabisa kwa kipimo cha kazini. Lakini ngozi ya mtu ni ya mwenyewe. Akaenda kubadilisha.

Mimi nikapiga magoti pale chini nikasema, "Shikamoo, Ba. Maji moto yanakuja."

Hakuitikia marahaba. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu, kisha uso ukalainika kama wa mtu aliyeona kitu alichokuwa anakitafuta, akasema, "Aya. Wapi wewe siku yote?"

Aya ni yaya. Mtumishi wa ndani.

Nikwambie ukweli, msomaji, hapo moyo ulikwenda pande mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja ulifurahi: mtu ambaye kwa miezi alikuwa "hasikiki" amesikika. Upande wa pili ulichomwa. Kiswahili changu, lugha ya tenzi na khanga na mama yangu, kwenye kichwa cha huyu bibi kilikuwa na kazi moja tu: kuamrisha. Leta, kuja, toa, pesi pesi. Ndani ya kumbukumbu yake, mtu anayesema Kiswahili amesimama mlangoni anangoja kutumwa. Na mimi nimesafiri maili elfu kadhaa, nimepata sare na kitambulisho chenye picha, nije kusimama mlango ule ule.

Maji yalipokuja, nilimpa kitambaa mkononi, kama nilivyofundishwa, aoshe uso mwenyewe. Akaosha. Polepole, nyuma ya masikio, mpaka shingoni. Akanirudishia kitambaa akasema, "Basi."

Kuna sheria ya huku ya mwaka 2005 inayohusu uwezo wa mtu kuamua mambo yake. Tuliisoma darasani na nilidhani nimeielewa. Inasema mtu achukuliwe kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike kwamba hawezi. Inasema pia huwezi kumhesabu kuwa hawezi kabla hujafanya kila linalowezekana kumsaidia aweze. Ba kwa miezi kadhaa alikuwa anatoa uamuzi, kwa lugha kamili, akitaja sababu: baridi, sitaki. Hakuna aliyemdhulumu kwa kusudi. Wale wahudumu ni watu wazuri, wanachoka, wanaandika wanachosikia. Hawakujua tu kwamba kile ni neno.

Jioni ile fundi wangu alinipa karatasi akasema, "Andika." Nikaandika maneno kumi na mawili kwa herufi ambazo Mwingereza anaweza kuzisoma: maji, moto, baridi, chai, choo, ndiyo, sitaki, basi, polepole, kuumwa, lala, kesho. Meneja akayaingiza kwenye mpango wa huduma. "Sitaki" tuliiweka juu kabisa kwa wino mwekundu. Wiki iliyofuata nilimsikia kijana wa Kiromania akiuliza ukumbini kwa Kiswahili chake cha siku tatu, "Maji, Ba? Moto?" na Ba akimjibu kwa hasira ya kawaida ya bibi yeyote. Vita vya jioni havikwisha, lakini vilipungua, na daftarini sasa wanaandika alichokataa na kwa nini.

Mtoto wake wa kiume alipokuja Jumapili, meneja alimweleza. Mzee wa miaka sitini, msafi, ana duka. Alitikisa kichwa. Alisema mama yake hajasema Kiswahili tangu 1972, na hata huko alikuwa anakisema tu na wale wa jikoni. Kisha akanitazama, akaona alichokisema, akanyamaza. Mimi nikamuuliza kama Ba anapenda chai yake na tangawizi au iliki. Iliki, alisema. Tukaandika na hiyo.

*

Swali la aya, hata hivyo, halikuniachia. Nilitembea nalo kwenye basi namba zote. Kama mimi si aya, kwa nini si aya? Kazi ya mikono ni ile ile. Beseni ni lile lile. Nilipokaa nalo vizuri niliona kwamba kinachonitofautisha si utu wangu wala moyo wangu, maana aya naye alikuwa na utu na moyo. Ni vitu vikavu kabisa: mkataba, saa zilizoandikwa, likizo, mafunzo, fundi wa kunielekeza, na haki ya kusema "sitaki" bila kulala nje. Nikivuliwa hivyo, nimebaki na beseni.

Na yuko mtu ninayemfahamu ambaye hana hata kimoja. Yuko Tanga, nyumbani kwa kaka yangu, na ndiye anayemgeuza mama yangu usiku.

Ni dada wa miaka ishirini na tatu kutoka milimani Lushoto. Kaka alimpata kupitia jirani. Nilipoanza kumwuliza kaka maswali yangu mapya, ya vidonda na kumeza na kugeuza, alikuwa hajui majibu, kila mara alikuwa anasema, "Subiri nimuulize dada." Dada alikuwa anajua yote. Kwamba mama hupaliwa na maji matupu lakini uji haumpalii. Kwamba kisigino cha kulia kilianza kuwa chekundu mwezi wa tatu, akawa anakiwekea khanga iliyokunjwa. Hakuna aliyemfundisha. Aliangalia tu, kama fundi wangu anavyoangalia.

Nikamwambia kaka tumwandikie mkataba. Kaka akacheka. "Mkataba wa nini? Huyu si mfanyakazi, huyu ni kama ndugu."

Hilo "kama" lina maneno mengi ndani yake. Ndugu anarithi, huyu harithi. Ndugu akichoka anasema nimechoka, leo mtanisamehe, huyu hasemi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya kwetu wenyewe Tanzania, inasema mfanyakazi apumzike saa 24 mfululizo kila wiki na apate siku 28 za likizo kwa mwaka. Mtu wa ndani hakuachwa nje. Lakini ukishamwita ndugu, umemtoa kwenye sheria, na kwenye urithi hujamwingiza. Anabaki katikati, na beseni.

Tulibishana wiki tatu, mimi na kaka, kwa heshima, maana ni mkubwa wangu. Nilimwambia malipo ya ziada yatatoka kwangu. Alisema tatizo si hela, tatizo ni kwamba nimeondoka siku nyingi na nimeanza kuleta mambo ya Kizungu. Nikamjibu, "Kaka, sheria hii imepitishwa Dodoma." Mwishowe shemeji yangu ndiye aliyemaliza. Alisema, "Sisi sote hapa ndani, ni nani anajua kumlisha mama asipaliwe? Basi huyo ni fundi. Fundi hulipwa kifundi."

Dada alipoulizwa anataka siku gani ya kupumzika, kwanza alisema yoyote tu. Shemeji akamuuliza tena, akamngojea. Akasema Jumamosi, ana shangazi yake Pongwe.

Jumamosi ya kwanza simu yangu iliita saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za huku. Alikuwa kaka, amesimama chumbani kwa mama, nasikia maji yanadondoka. "Unaanza wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini. Nikamwambia: gonga mlango kwanza, hata kama umeshaingia. Mwambie ni wewe. Anza na uso, umpe kitambaa kwenye mkono wa kushoto, ule unaofanya kazi, aoshe mwenyewe. Umngojee.

Akaweka simu kitandani. Nikasikia akisema, "Mama, ni mimi." Kisha kimya, maji, kimya kirefu. Halafu sauti ya mama, nzito, imejikunja upande mmoja lakini inaeleweka kabisa: "Baridi."

"Haya, mama," kaka akasema. "Nakuletea ya moto." Na nikamsikia akienda jikoni, akifungua makabati moja baada ya jingine, akitafuta mahali dada anapoweka birika.